Somo: Wakulima waovu na shamba lisilo lao (Mathayo 21:33–46)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mfano wa leo umo pia katika Marko 12 na Luka 20: mwenye shamba la mizabibu analipangisha kwa wakulima, nao wanawapiga na kuwaua watumwa anaowatuma kupokea matunda yake, kisha wanamuua mwanawe. Umesomwa vibaya mara nyingi, hata ukatumika kuwachukia Wayahudi, ndiyo maana naomba tuende nao taratibu, Biblia zikiwa wazi.

Hatua ya 1: Anzia mstari wa 23.
Yesu yuko hekaluni Yerusalemu, siku chache kabla ya kusulubiwa, na ameshapindua meza za wabadili fedha. Wakuu wa makuhani na wazee wanamjia juu: “Ni kwa amri gani unatenda mambo haya?” Ukiruka swali hilo, unabaki na kisa cha wapangaji wakorofi. Ukilisoma, utaona kwamba waliokuja kuhoji mamlaka ya mwenzao ndio sasa wanaohojiwa juu ya mamlaka yao wenyewe.

Hatua ya 2: Fungua Isaya 5:1–7.
Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye ufunguo. Mnara, shinikizo la zabibu, mizabibu iliyopandwa kwa uangalifu: vyote vimo katika wimbo wa Isaya, na waliosimama pale hekaluni waliujua. Isaya anataja wazi kwamba shamba ni nyumba ya Israeli. Kwake, shamba linazaa zabibu-mwitu, na mwenye shamba analibomolea ua likanyagwe.

Sasa angalia Yesu alichobadilisha. Katika mfano wake hakuna anayelalamikia mazao. Msimu wa matunda umefika, watumwa wametumwa kupokea fungu la mwenye shamba, na kikwazo ni wakulima waliokabidhiwa. Kwa hiyo hata mwishoni shamba haling’olewi wala halichomwi. Linapewa wakulima wengine. Shika hilo, maana mafundisho mengi mabaya yameanzia kwa kuchanganya shamba na wakulima.

Hatua ya 3: Watambue watumwa.
Ni manabii. Yeremia 7:25 inasema Mungu aliwatuma kila siku. Mfano mmoja unatosha: soma 2 Nyakati 24:20–22. Zekaria, mwana wa kuhani Yehoyada, alipigwa mawe uani mwa nyumba ya Bwana kwa amri ya mfalme Yoashi. Yoashi huyo alifichwa na kulelewa na nyumba ya Yehoyada alipokuwa mtoto, akatawazwa kwa mkono wa Yehoyada, kisha akamuua mwanawe. Usaliti wa mfano huu ulikuwa na historia ndani ya hekalu lenyewe.

Hatua ya 4: Msikilize mrithi akitajwa.
“Huyu ni mrithi, haya na tumwue, tuutwae urithi wake.” Hawakumfananisha. Walimuua kwa sababu walimjua. Marko anamwita mwana “mpendwa”, kama sauti ilivyomwita Yesu alipobatizwa.

Hatua ya 5: Hukumu na jiwe.
Katika Mathayo wasikilizaji wenyewe ndio wanaotamka adhabu, kisha Yesu anawasomea Zaburi 118:22, jiwe walilolikataa waashi likawa jiwe kuu la pembeni. Mstari wa 45 unaeleza kwamba walitambua anawasema wao.

MASWALI YA WASHIRIKI

*Shikamoo mwalimu. Wangepataje urithi kwa kumuua mrithi? Haiingii akilini.*

Marahaba, mwanangu. Kweli haiingii, na Injili haijaribu kuitetea. Mwenye shamba yu hai na anakuja. Wamekaa shambani muda mrefu hawamwoni, wakaanza kupanga kana kwamba hayupo.

*Mtumishi, kwa hiyo Mungu amewatupa Wayahudi akatuchukua sisi?*

Hapana, ndugu yangu. Rudi hatua ya 2: Israeli ni shamba. Yesu ni Myahudi, mitume wake ni Wayahudi, na mstari wa 46 unasema viongozi waliogopa kumkamata kwa sababu makutano ya Wayahudi walimwona nabii. Paulo naye anajiuliza swali hilo hilo katika Warumi 11:1, na jibu lake ni hasha.

*Mwalimu, kiongozi wetu akiulizwa habari za sadaka anajibu, “Msiwaguse masihi wangu.” Tufanyeje?*

Dada, pole. Mstari huo ni Zaburi 105:15, na masihi humo ni watu waliotiwa mafuta na Mungu. Usome kuanzia wa 12. Unawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga katika nchi za watu, na wanaoonywa humo ni wafalme. Nusu yake ya pili inasema, “Wala msiwadhuru nabii zangu.” Katika mfano wetu, waliowapiga manabii ni wale waliokuwa na shamba mikononi. Kuuliza matunda yamekwenda wapi ndiyo kazi waliyotumwa wale watumwa. Uliza kwa heshima, ukiwa na wazee wengine wa kanisa, na mwombe hesabu iletwe mbele ya washirika wote.