Jinsi ya kumjua mwanamieleka akishashuka ulingoni: kipi kweli, kipi usanii

Mei 1987 polisi wa barabara kuu huko New Jersey, Marekani, walisimamisha gari, kupekua wakakuta bangi na kokeini, na ndani kuna majitu mawili yametulia. Mmoja Hacksaw Jim Duggan, yule wa kutembea na ubao na bendera ya Marekani, wa pili The Iron Sheik, Muirani, adui yake wa damu. Kwenye TV hawa walikuwa wanatafutana roho, kumbe wako gari moja wanapiga stori safari ndefu. Kampuni yao ya mieleka, WWF (ndo WWE ya leo), ikawapiga chini wote, na kelele kubwa ya mashabiki wala haikuwa madawa, ilikuwa ni lile gari, wamepandaje gari moja?

Sasa ukitaka kujua mwanamieleka anaishije akishavua mkanda fanya kama wale polisi, yaani achana na anachosema kwenye maiki maana mdomo ni sehemu ya kazi yake, we angalia kasafiri na nani, mwili wake una alama gani, na kasaini karatasi gani. Hivyo vitatu kuzuga ni ngumu sana.

Kabla hujaanza tua ule mzigo wa "mieleka feki". Kwamba mshindi anapangwa sio siri, 1989 WWF wenyewe waliwaambia wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba hii ni burudani sio mashindano, kisa walitaka kukwepa kodi na masharti ya tume ya michezo. Ila huko nyuma kuficha ilikuwa ndo sheria ya kwanza ya kazi, wanaita keifebu, stelingi na adui hawatakiwi kuonekana hata meza moja. Na ilikuwa na adhabu. Tarehe 19 Mei 1996 pale ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Kevin Nash na Scott Hall walikuwa wanaaga wanahamia kampuni pinzani, mechi ikaisha, wakakumbatiana ulingoni na Shawn Michaels na Triple H mbele ya watu, maadui na marafiki wote pamoja. Nash na Hall wanaondoka hawakamatiki, Michaels ndo bingwa hagusiki, basi msala wote ukamwangukia Triple H, miezi kadhaa anapigwa kila wiki. Kwa hiyo ukiona mtu anashindwa mfululizo bila sababu kwenye stori, tafuta sababu nje ya stori.

Haya, anza na jina. Jina la ulingoni mara nyingi ni mali ya kampuni, kwa hiyo jina likibadilika ujue mkataba umebadilika. Dean Ambrose alipoondoka akarudi kuwa Jon Moxley, Daniel Bryan akawa Bryan Danielson ambalo ndo jina lake la kuzaliwa, wale Dudley Boyz wakaenda kujiita Team 3D. Cody Rhodes ndo inachekesha, jina Rhodes alikuwa analitumia baba yake Dusty ulingoni (kwenye vyeti wao ni Runnels), lakini Cody alipotoka 2016 akabaki Cody tu miaka minne, mpaka 2020 alipopata haki ya kulitumia. Na yupo aliyemaliza ubishi kabisa, Jim Hellwig aliyekuwa anaitwa Ultimate Warrior, 1993 akaenda akabadili jina kisheria akawa Warrior, hilo moja tu, kama sultani. Na ukisikia mtu anataja jina lake halisi mwenyewe katikati ya ulingo tega sikio. Oktoba 2018 Roman Reigns aliingia bila mbwembwe akasema jina lake ni Joe na ameishi miaka 11 na saratani ya damu, akaweka mkanda chini akaondoka kutibiwa, akarudi Februari iliyofuata. Ule haukuwa mchongo.

Halafu ukoo. Mimi miaka mingi nimeamini Undertaker na Kane ni tumbo moja, nimegombana na watu kwa ajili hiyo, kumbe Undertaker ni Mark Calaway wa Texas na Kane ni Glenn Jacobs, hawana hata shangazi wa kushare. Edge na Christian vilevile, ni marafiki wa utotoni tu. Ila usikimbilie kusema ndugu wote ni wa kuigiza maana wale The Usos ni mapacha kweli, baba yao Rikishi, na Rikishi ni mtoto wa shangazi yake Roman Reigns, sasa fanya hesabu mwenyewe, Rikishi na Roman ni mabinamu, kwa hiyo hao Usos kwa Roman ni kama wanawe, japo kwenye TV wanasemwa tu ni binamu. The Rock naye anaitwa ndugu yao, lakini sio kwa kuzaliwa, babu yake upande wa mama, Peter Maivia, alichanjiana na baba yao wakina Afa na Sika, na Sika ndo baba yake Roman. Undugu wa kuchanjia damu, na wanauheshimu kuliko watu wengine wanavyoheshimu wa tumbo.

Barabara sitakaa sana ila uielewe. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa inakulipia ndege tu, gari la kukodi na hoteli unajilipia mwenyewe, ndo maana wanabanana wanne kwenye gari moja, mgeni ndo anaendesha, wakubwa wanalala. Miaka ya 80 mtu anaweza kuwa njiani siku 300 kwa mwaka. Hizo posti za wachumba na ndoa za wanamieleka kwa wanamieleka usizishangae, watampata nani mwingine, mtu wanayemuona ni huyohuyo wa siti ya pembeni.

Mwili sasa, hapa tukae kidogo. Ulingo ukiuona kwenye TV unadhani godoro. Juu turubai, chini yake sponji nyembamba, chini ya sponji mbao, chini ya mbao vyuma. Aliyepangiwa kushindwa anaangukia mbao hizohizo anazoangukia aliyepangiwa kushinda. Angalia anavyoanguka, kidevu kimebanwa kifuani kisogo kisiguse, mgongo wa juu unatua wote kwa mpigo, mikono inapiga turubai kusambaza mshindo, pumzi inatoka kwa nguvu. Anafanya hivyo mara kumi na kitu usiku mmoja alafu kesho yuko mji mwingine. Ukimuona mstaafu anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta usiulize, ndo risiti hizo.

Kingine angalia paji la uso la wakongwe. Damu ya zamani nyingi ilikuwa yao kweli, kipande kidogo cha wembe kinafichwa kwenye bandeji ya mkononi, jamaa akipigwa kiti anajikunja chini anaficha uso, anajichana mwenyewe juu ya nyusi, jasho likichanganyika na ile damu unaapa kachinjwa. Abdullah the Butcher kajichana mpaka paji likawa na mifereji, chipu za kamari anazichomeka zinasimama zenyewe.

Kujua kama mtu kaumia kweli kuna ishara, mwamuzi anapishanisha mikono juu ya kichwa kama herufi X. Ila nayo wameshaichezea kwenye stori, kwa hiyo usiiamini peke yake, muangalie mpinzani. Kwenye SummerSlam, onyesho kubwa la kila mwaka la kampuni, Agosti 1997 Owen Hart alimnyanyua Steve Austin kichwa chini miguu juu akamshusha vibaya, shingo ikapata, Austin kalala mikono na miguu haisikii. Owen akafanya nini? Akaanza kuzunguka ulingoni anawatukana mashabiki, anavuta muda mwenzake apate nguvu, kisha Austin akajivuta akamshika kwa udhaifu mtupu na Owen akakubali kulala chini ahesabiwe. Irudie ile mechi ukiwa unajua, utaona mpinzani anamlinda mpinzani wake huku anazomewa. Hiyo shingo ndo ilikuja kumstaafisha Austin 2003.

Hela na karatasi. Wengi wa WWE kisheria sio waajiriwa bali wakandarasi wa kujitegemea, wakiumia ulingoni kampuni inatibu, lakini bima ya afya ya kawaida kila mtu na lake. Chama cha wafanyakazi hawana. 1986 mwanamieleka Jesse Ventura alijaribu kuwahamasisha wenzake waanzishe chama kwenye chumba cha kubadilishia nguo kabla ya onyesho kubwa la WrestleMania 2, maneno yakamfikia bosi wa kampuni Vince McMahon harakaharaka na ishu ikafia hapo, na ni miaka mingi baadae Ventura anadai mrabaha wake mahakamani ndo ikajulikana chini ya kiapo kwamba mpeleka maneno alikuwa Hulk Hogan, nyota mkubwa wa kampuni wakati ule. Ndo maana nasema kesi moja ya mahakamani inakupa ukweli kuliko intavyu hamsini. Ventura mwenyewe wala hakupotea, akaja kuwa gavana wa Minnesota 1999 mpaka 2003.

Kwenye madawa na vifo naomba usiende kutafuta kiki. Mwanamieleka Eddie Guerrero alikutwa kafariki hotelini Novemba 2005 akiwa na miaka 38, moyo, na Februari 2006 kampuni ikaanzisha utaratibu wa kupima watu wake. Mwaka uliofuata, Juni 2007, mwanamieleka mwenzake Chris Benoit akamuua mke wake na mtoto wao wa miaka saba kisha akajiua, ubongo ulipochunguzwa ukakutwa umeharibika vibaya, na waliouchunguza wakahusisha na kupigwa kichwani mara kwa mara. Siku hizi kumpiga mtu kiti cha kichwa WWE ni marufuku. Ukiangalia mechi za zamani ukashangilia viti vya kichwa kumbuka hilo tu.

Mitandaoni kuwa makini zaidi, maana bifu siku hizi linaendelea huko huko kwenye akaunti zao, na hata zile intavyu za "leo nafunguka" nyingine ni stori zinaandaliwa. Kipimo changu ni kimoja, je hiki anachosema kinamletea tiketi au kinamgharimu? Kurt Angle kusema hadharani kwamba alikuwa mtumwa wa vidonge vya maumivu, mtu aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 1996 shingo imevunjika, hakumuongezea mkanda wowote. Jake Roberts na Scott Hall kurekodiwa wakiwa wamechoka kwa pombe, wakati ule wanaishi nyumbani kwa mwanamieleka mwenzao Diamond Dallas Page aliyekuwa anawafundisha yoga na kuwabana na chakula, hakuna adui wala stelingi pale. Glenn Jacobs, yule yule Kane wa moto, 2018 alichaguliwa kuwa meya wa Knox County, Tennessee, akawa anashughulika na bajeti na barabara. Hizo ndo sehemu za kuchimba.

La mwisho ni namna ya kuishi nao. Agosti 2020 jamaa aliyekuwa anamfuatilia mwanamieleka wa kike Sonya Deville mtandaoni muda mrefu alimvamia nyumbani kwake huko Florida usiku, na mwenzake Mandy Rose alikuwemo ndani. Sonya na Mandy wakatoroka, jamaa akakamatwa. Wiki ileile hao wawili walitakiwa wapigane kwenye SummerSlam kama maadui, atakayeshindwa ananyolewa nywele, ikabidi sharti libadilishwe. Kwa hiyo kujua maisha yake kusifike mlangoni kwake. Ukimkuta eapoti kaburuza begi, macho mekundu, salimia jina, omba picha moja kama mikono yake iko wazi, na kama kashika mtoto au simu iko sikioni muache apite, ana gari la kukodi la kuwahi na wenzake watatu wanamsubiri, mmoja wao pengine ndo yule aliyemvunjia meza jana.