Kuisoma Romeo na Juliet kwa Ajili ya Mtihani: Anza na Kalenda

Wanafunzi wengi huanza kwa kukariri orodha ya wahusika. Majina watayajua, lakini swali likiuliza kwa nini mambo yaliharibika, wanakwama. Tanzia hii ya Shakespeare kuhusu wapenzi wa koo mbili zenye uhasama, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1597, inaendeshwa na haraka. Basi anza na siku, wahusika watafuata.

Hatua ya 1: Panga matukio kwa siku

Chukua karatasi moja uigawe safu tano, Jumapili hadi Alhamisi. Kila tukio liandike kwa sentensi moja, pamoja na namba ya tendo na onyesho.

Jumapili kuna ugomvi mtaani (1.1), karamu kwa Capulet, baba yake Juliet (1.5) na mazungumzo ya usiku bustanini (2.2). Jumatatu wanafunga ndoa ya siri (2.6), kabla jua halijazama Mercutio, rafiki wa Romeo, na Tybalt, binamu yake Juliet, wameshauawa (3.1), na usiku huohuo Capulet anamwahidi Paris, mposaji wa Juliet, kwamba Alhamisi atamwoza Juliet (3.4). Jumanne Romeo anaondoka alfajiri kwenda uhamishoni mji wa Mantua (3.5), Juliet anapewa dawa ya usingizi (4.1), na baba mtu anaiwahisha harusi, sasa iwe Jumatano (4.2). Jumatano Juliet anakutwa kitandani kama maiti (4.5). Yaliyobaki ni habari kumfikia Romeo (5.1) na vifo vya kaburini (5.3).

Ukimaliza, tia alama kila mahali mtu anapofupisha muda. Katika 1.2 Capulet anamtaka Paris asubiri miaka miwili; katika 3.4 anampa siku tatu. Hapo pana aya nzima ya insha.

Angalia mambo mawili. Matoleo mengine huunganisha 2.1 na 2.2, kwa hiyo namba zako zisipolingana na za mwenzako, linganisheni maneno yenyewe. Pili, usijaribu kukokotoa saa ya Juliet kuamka. Mtawa Laurence, aliyempa dawa, anasema usingizi utachukua saa 42, mlinzi wa kaburini anasema Juliet amezikwa siku mbili, na hesabu hizo hazikai vizuri ndani ya kalenda. Taja saa 42, uendelee.

Hatua ya 2: Wapange wahusika kwa wanachokijua

Kuandika "Romeo ni mpenda haraka, Juliet ni jasiri" hakukupi alama nyingi. Chora jedwali lenye safu tatu: anataka nini, anajua nini, anabadilika wapi. Safu ya kati ndiyo yenye faida. Kabla ya damu kumwagika katika 3.1, wanaoijua ndoa ni maharusi wenyewe, Laurence na yaya wa Juliet, labda na mtumishi wa Romeo aliyeleta ngazi ya kamba. Mercutio anakufa akidhani rafiki yake ameogopa kupigana na Tybalt, na Paris anaingia kaburini bila kujua kwamba anamlilia mke wa mtu. Kinaya cha tamthilia kimekaa humo.

Kosa linalojirudia ni kumweka Mercutio kwenye ukoo wa Montague, yaani wa Romeo. Yeye ni jamaa ya mtawala Escalus, sawa na Paris, ndiyo maana mtawala mwishoni anasema naye amepoteza ndugu wawili. Kuhusu yaya, usiishie kwenye vichekesho vyake. Katika 3.5 anamshauri Juliet aolewe na Paris, na kuanzia hapo Juliet hamwambii siri tena. Benvolio, binamu ya Romeo, mpe mstari mmoja tu. Baada ya 3.1 haonekani.

Hatua ya 3: Chagua nukuu chache, uzijue kabisa

Kumi au kumi na mbili zinatosha. Mbele ya kadi andika maneno kama yalivyo kwenye kitabu chako. Nyuma andika nani anasema, kwa nani, wapi, na jambo gani linafuata mara moja. Hilo la mwisho wengi huliacha, na bila hilo nukuu inaning'inia.

Zipange jozi zinazopingana. Laurence anaonya kwamba wanaokimbia hujikwaa (2.3), kisha siku hiyohiyo anawafungisha ndoa. Romeo anajiita mwanasesere wa bahati (3.1), kisha anazikaidi nyota (5.1). Soma mstari wa jirani pia: katika 5.1 Romeo anamuuliza mtumishi mara mbili kama ameleta barua ya mtawa. Anajibiwa hakuna, naye anasema haidhuru. Anayetaka kusema yote ni majaliwa aanze kujibu hapo.

Usiruke umbo. Maneno ya kwanza wanayosemezana Romeo na Juliet (1.5) ni soneti ya mishororo 14: minne ya Romeo, minne ya Juliet, na sita wanapokezana hadi busu. Wanaanza soneti nyingine, yaya anaikatiza kwa kusema mama anamwita Juliet. Na sekunde chache kabla ya soneti hiyo, Tybalt ametoka ukumbini akiapa kulipiza.

Hatua ya 4: Jipime

Katika 5.3 Laurence anaisimulia hadithi nzima kwa mistari kama 40. Ifunike, andika muhtasari wako bila kuchungulia, kisha linganisha. Ukilingana naye, msuko umeushika. Halafu tafuta alichokiacha: Mercutio hamtaji kabisa, wala muuza dawa wa Mantua aliyeuza sumu kwa dukati 40. Kwa kila pengo andika sentensi moja: je, hakujua, au amenyamaza?