Gurudumu la mbele kulia: kuandaa gari dogo la familia kwa mbio za uwanja mfupi

Katika viwanja vifupi vya Marekani, familia nyingi huanzia kwenye daraja la magari madogo ya silinda 4 yanayovutwa na magurudumu ya mbele: Honda Civic, Dodge Neon, Chevrolet Cavalier, Ford Focus. Aliyewahi kulala chini ya Starlet au Vitz hatapotea humo. Uwanja ni duara refu, aghalabu kati ya robo maili (mita 400 hivi) na nusu maili, na kona zote ni za kushoto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito kwenye kona huliangukia gurudumu la mbele kulia, nalo wakati huohuo linavuta gari, linaligeuza na kulifunga breki. Karibu kila kinachoharibika kwenye magari haya kina uhusiano na gurudumu hilo.

Kabla ya kununua gari, someni kanuni za uwanja wenu. Kila uwanja una zake, na kinachoruhusiwa huku hukataliwa uwanja wa jirani. Mpigieni simu mkaguzi mumuulize mambo manne: unene wa mabomba ya kizimba (fremu ya chuma inayomkinga dereva ndani ya gari), aina ya matairi, kiasi gani magurudumu yanaruhusiwa kulala (kuinama kwa juu kuelekea ndani au nje), na umri wa dereva. Dereva akiwa mtoto, mzazi lazima asaini fomu, na baadhi ya viwanja hudai saini za wazazi wote wawili. Ulizeni pia kama injini ya mshindi inaweza kununuliwa na mpinzani kwa bei iliyopangwa. Kanuni hiyo ikiwepo, msimwage pesa kwenye injini.

Kuvua gari

Tenganisheni betri, msubiri angalau dakika 10, ndipo mtoe mifuko ya hewa ya ajali. Haraka hapo inaweza kumvunja mtu mkono. Kisha toeni vioo vyote, taa, zulia, viti na dari ya kitambaa. Ondoeni kabisa komeo la usukani, maana usukani ukijifunga kwenye mwendo gari linaenda moja kwa moja ukutani. Hita ikitolewa, unganisheni mipira yake miwili ya maji iwe mmoja, msiizibe tu, kwani kwenye injini nyingine mzunguko wa maji hupitia hapo. Kwenye Ford nyingi za zamani kuna swichi inayokata mafuta gari likigongwa, mara nyingi karibu na miguu ya abiria wa mbele. Mgongano mdogo tu huizima injini, na timu ngeni hukesha zikitafuta kosa kwenye plagi. Jueni kitufe chake cha kurudishia kilipo.

Kizimba na kiti

Bomba linalokubalika viwanja vingi ni la chuma lenye kipenyo cha inchi 1.75 na unene wa inchi 0.095, yaani milimita 44.5 kwa 2.4. Nguzo nne zishuke kwenye sakafu, kila moja ikikalia kipande cha bamba kilicholehemiwa pande zote, kwa sababu bati la sakafu peke yake hutobolewa gari likibinuka. Mlango wa dereva uwe na mabomba ya kulala matatu au manne. Kama hamna fundi wa kulehemu anayeaminika nyumbani, hii ndiyo kazi ya kulipia nje, na nyingine zote mnaweza kujifunza.

Kiti cha alumini kifungwe kwenye kizimba, si kwenye sakafu, ili vyote viende pamoja gari likikunjika. Mkanda uwe wa ncha tano au zaidi. Mkanda wenye lebo ya SFI 16.1 (kiwango cha Marekani cha usalama wa vifaa vya mbio) huisha muda miaka 2 tangu ulipotengenezwa, hata kama haujawahi kuvaliwa, kwa hiyo mnaponunua wa mtumba someni tarehe kwanza. Helmeti iwe na lebo ya Snell (shirika linalopima helmeti) yenye herufi SA. Ile yenye M ni ya pikipiki na kitambaa chake cha ndani hakikutengenezwa kuhimili moto.

Maji na oili

Toeni kizuia-mgando (coolant) chote kwenye rejeta, suuzeni, mtie maji matupu. Kikimwagika uwanjani huteleza kama sabuni na hakikauki, ndiyo maana viwanja vingi hukipiga marufuku. Feni ya rejeta iungeni kwenye swichi ya mkono. Oili nayo husukumwa upande wa kulia wa sampu (chombo cha oili chini ya injini) kwenye kona, na pampu ikivuta hewa sekunde mbili tatu kila kona, beringi za krenki huliwa taratibu bila kelele. Dawa ya bei nafuu ni kuzidisha nusu lita juu ya alama ya mwisho. Dawa kamili ni kulehemu vibamba vya kuzuia oili isikimbie ndani ya sampu. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu, kwa sababu ileile.

Kulifanya gari ligeuke

Gari linalovutwa mbele lina tabia ya kugoma kugeuka: unakata usukani, pua inaendelea kwenda ukutani. Kazi yote ya gereji ni kuupa mbele mshiko na kuupunguzia mkia wake. Mahali pa kuanzia, matairi yakiwa baridi: mbele kulia psi 38, mbele kushoto 28, nyuma kulia 45, nyuma kushoto 35. Upepo mwingi nyuma hupunguza mshiko, na ndicho tunachotaka. Springi za nyuma ziwe ngumu kuliko za kiwandani.

Gurudumu la mbele kulia lilale ndani kwa juu nyuzi 3 hadi 4. La mbele kushoto, kanuni zikiruhusu, lilale kinyume nyuzi 1 hadi 2. Mashine haihitajiki. Gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa, simamisheni pima-maji wima kwenye ukingo wa rimu, liguse rimu kwa chini, kisha pimeni pengo la juu. Kwa urefu wa sentimita 40, kila milimita 7 ni nyuzi moja, hivyo nyuzi 3 ni milimita 21. Kwenye Neon na Cavalier mlalo huo hupatikana kwa kurefusha tundu la bolti linaloshika shokapu na habu. Kisha rekebisheni tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) mpaka umbali kati ya matairi ya mbele, ukipimwa upande wa mbele, uzidi wa nyuma kwa milimita 3.

Vipimo hivi havihami kutoka uwanja hadi uwanja. Bowman Gray, kule Winston-Salem, ni robo maili na ni tambarare. Slinger, Wisconsin, pia ni robo maili, lakini kona zake zimeinuka nyuzi 33. Pale kona zilipoinuka gari hugandamizwa chini, shokapu hukaa imebonyea, na springi iliyofaa kwenye tambarare huwa laini mno.

Matairi mapya yenye meno marefu si neema. Meno hupinda, hupata joto, humeguka. Tairi lililobaki na milimita 3 au 4 hushika vizuri zaidi.

Tairi linasema nini

Gari likitoka uwanjani, mtu mmoja aende moja kwa moja kwenye tairi la mbele kulia na kipima joto cha sindano. Apime sehemu tatu: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, ongezeni mlalo. Katikati kukizidi kingo zote mbili, upepo ni mwingi. Kingo zikizidi katikati, upepo ni kidogo. Andikeni daftarini papo hapo. Badilisheni kitu kimoja tu kila mara, hata kama mjomba ana mawazo matano.

Kazi za watu

Nati za magurudumu zikazwe na mtu mmoja yuleyule, kwa spana ya kipimo, paundi-futi 80 hadi 100 au kadiri kitabu cha gari kinavyosema, na zikazwe tena baada ya mizunguko ya majaribio. Atakayeongea na dereva redioni asiwe mzazi anayepayuka. Kwa kweli shangazi mtulivu anafaa kuliko baba fundi.

Dereva kijana afundishwe jambo moja gumu: mkia ukichomoka katikati ya kona, asiachie mafuta. Akiachia, uzito unakimbilia mbele, mkia unabaki mwepesi na gari linazunguka. Aendelee kukanyaga, anyooshe usukani kidogo, magurudumu ya mbele yatalivuta gari. Uwanja wa robo maili huendeshwa karibu wote kwa gia ya pili, kwa hiyo hana kingine cha kumshughulisha mkono. Bendera nyekundu asimame hapo hapo, abaki ndani amefunga mkanda, isipokuwa kuna moto.

Kila baada ya mbio, inueni mbele kulia kwa jeki, mshike tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, beringi imekwisha. Chunguzeni nyufa kwenye rimu kuzunguka matundu ya bolti, na buti za ekseli kama zimepasuka. Kwenye trela wekeni habu nzima ya upande huo ikiwa na beringi yake, ekseli, tairodi, shokapu, matairi mawili yaliyokwisha kuvalishwa rimu, lita 20 za maji, oili, nyundo, na mnyororo wa kuvutia bati lililobonyea likagusa tairi.

Msimu ukiisha, kwa walio majimbo ya kaskazini, mwageni maji yote kwenye rejeta na kwenye bloku kabla ya baridi ya kwanza. Maji matupu yakiganda hupasua bloku, na ufa hauonekani mpaka siku mtakapowasha tena.