Chama cha lugha ya ishara shuleni: msianze na fulana

Wanafunzi wenzangu wa Lamu, mkitaka kuanzisha chama cha lugha ya ishara, msianze na fulana wala bango. Anzeni na kiziwi. Hakuna haja ya kumtafuta mbali. Kwetu mtaa wa Langoni ni ami yangu, fundi wa kudarizi kofia za vito. Wateja humwonyesha bei kwa vidole, kisha wanamgeukia mpita njia na kuuliza, "Huyu asemaje?" Mwombeni mtu kama yeye awe mwalimu wenu, mumlipe japo kidogo, na yeye ndiye aamue mtafunza nini. Video za kwenye simu zisaidie tu, maana nyingi ni za Marekani. Herufi za vidole zinafanana na zetu, lakini maneno mengi hayafanani.

Mwalimu mkuu akilalamika kwamba mnapoteza muda wa masomo, mwonyesheni Katiba ya 2010, kifungu cha 120: lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Tena ni somo la KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kwa kawaida hapo maneno huisha.

Sasa mtaani. Mimi siamini kufunza watu A mpaka Z. Wataicheka, wataifurahia, na ikifika magharibi wameisahau. Mpe kila mtu ishara za kazi yake. Nahodha wa boti za Mokowe anahitaji wapi, bei gani, ngoja na twaondoka. Muuza dawa anahitaji maumivu, tangu lini, na mara ngapi kwa siku. Ishara tano au sita zatosha, bora azitumie kesho yake. Na uso usisahaulike: ukiuliza swali la ndiyo au la, inua nyusi, ama mwenzako atadhani unamwarifu tu.

Wenye punda nao ni wanafunzi wenu muhimu, ingawa hawahitaji ishara hata moja. Vichochoro vyetu mnavijua. Punda aliyebeba mifuko ya mchanga akiingia, watu hujibana ukutani. Mwenyewe hupiga kelele "Nipisheni!" na wote wakapisha isipokuwa mmoja, ambaye hutukanwa kuwa ana kiburi. Waelezeni: mtu asipogeuka, simamisha punda, mwendee, umguse bega taratibu. Usimsukume, wala usimrushie kitu. Ami hulieleza jambo hili kwa ishara hadi wenye punda wenyewe wakacheka, basi mwachieni kiziwi alieleze.

Kwa kina mama, fanyeni kikao ndani ya nyumba, wanawake peke yao, wasichana ndio wafunze. Barabarani wengi huvaa nikabu, na uso uliofunikwa huficha nusu ya maneno. Ndani ukiwa wazi, mambo huenda haraka ajabu. Pia angalieni mwanga. Asubuhi jua hutoka upande wa bahari, kwa hivyo mkifunza ufuoni, mwalimu asiipe bahari mgongo, la sivyo wanafunzi wataona kivuli kinachopunga mikono.

Siku ya kujitokeza ni tarehe 23 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara, iliyoanza kuadhimishwa 2018. Tafuteni ruhusa ya kutumia uwanja wa Mkunguni mapema, na mkalimani mapema zaidi. Tafadhali msiwapange viziwi kwenye viti kutazamwa huku wageni waheshimiwa wakihutubia. Wapeni meza wauze bidhaa zao, na sharti liwe moja: mnunuzi haruhusiwi kutumia sauti. Mtakapohitaji kupiga makofi, inueni mikono juu na kuitikisa. Anayezungumza na kiziwi kupitia mkalimani amtazame kiziwi, si mkalimani. Hili hata walimu wetu huwashinda.

Baada ya hapo chagueni kazi moja ya kudumu. Sisi tulichagua matangazo. Maziko, maji kukatika, mkutano wa chifu, yote hutangazwa kwa kipaza sauti, na kiziwi huambiwa mwisho kama ataambiwa. Kila mtaa una mwanafunzi mmoja wa kuandika ujumbe na kuutuma kwa viziwi wa mtaa wake. Uwe mfupi: nini, wapi, saa ngapi. Na zamu ya likizo ipangwe kabla shule haijafungwa.