Mathenge kwenye malisho makavu: maganda kwanza, panga baadaye

Mfugaji wa Turkana, Garissa au Baringo hahitaji kuelezwa mathenge ni mti gani. Mti huu, ambao jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora na asili yake ni Amerika, ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuwapatia watu kuni. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa magugu hatari.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kukimbilia panga. Shina likikatwa juu ya ardhi huchipua matawi mengi, na kichaka kinachofuata huwa kizito kuliko cha kwanza.

Ni vyema kuulinganisha na mgunga, mti wetu wa asili. Maganda ya miti yote miwili huliwa na mbuzi, na mbegu hutoka na samadi zikiwa tayari kuota. Hata hivyo, mche wa mgunga huliwa na mbuzi na ngamia, hivyo idadi yake hujizuia yenyewe, ilhali majani ya mathenge mifugo huyakwepa, na miche mingi iliyoota penye unyevu, hasa kandokando ya mito kama Turkwel, hukua bila kuguswa. Mifugo yetu ndiyo inayoupanda mti huu, na kwa sababu hiyo udhibiti huanzia kwenye maganda.

Yaokote yanapoiva, kabla mbuzi hawajayafikia, uyakaushe juani na kuyasaga kwa mashine hadi mbegu zivunjike kabisa. Unga wake ni chakula kizuri cha kiangazi, lakini usizidi moja ya tano ya lishe ya siku, kwa kuwa sukari nyingi ya maganda huozesha meno ya mbuzi wanaoyala mfululizo. Mifugo iliyokwisha kula maganda mazima ibaki zizini siku saba hivi kabla ya kupelekwa kwenye malisho safi.

Miche midogo ing'olewe kwa mkono mvua ikinyesha, udongo ukiwa laini. Kwa mti mkubwa, chimba kwa sururu na ukate mzizi angalau sentimita 20 chini ya ardhi, kisha usia mara moja mbegu za nyasi za asili kama Cenchrus ciliaris, kwani ardhi ikiachwa tupu mathenge hurudi. Mbegu hudumu udongoni miaka kadhaa, kwa hiyo eneo likaguliwe baada ya kila msimu wa mvua.

Makaa ya mathenge yana soko, nasi tunayaunga mkono pale kibali kinapopatikana. Kabla wakataji hawajaingia, miti yote ya mgunga na mswaki ya eneo hilo iwekewe alama ya rangi ili isikatwe, na mwenye malisho awepo kazi inapofanyika.