Ukisikia jeshi limeteka nchi ya watu, pima hivi kabla hujashangilia

Kila habari ikitoka kwamba jeshi fulani limeingia mji mkuu wa nchi ya watu, ubishi unaanza pale steji ya boda, na hawakosi wa kusema mambo yamekwisha. Tulia kwanza. Kuteka mji ni kazi moja, kutuliza nchi ni nyingine kabisa, na ukitaka kujua hiyo ya pili inaelekea wapi fanya hivi.

Achana na zile ramani za rangi rangi za nani kashika wapi, we uliza nani anakusanya kodi na nani anaamua kesi ya kiwanja. Vijana wetu wa UPDF, jeshi la Uganda, walifika Somalia Machi 2007, na Agosti 2011 wapiganaji wa al-Shabaab wakatoka Mogadishu, mji mkuu, kijeshi huo ni ushindi hakuna ubishi. Lakini nenda kwenye barabara za kusini uone lori la mzigo linasimamishwa na haohao al-Shabaab, dereva analipa, anapewa risiti, akifika kizuizi chao kingine anaionyesha anapita. Tena kuna watu wanaishi Mogadishu kwenyewe, wakigombania ardhi wanafunga safari kwenda mahakama za al-Shabaab nje ya mji, maana hukumu ya kule inafuatwa. Sasa hapo serikali ni nani?

Halafu angalia wenye bunduki wanamsikiliza nani. Hili ndo kubwa kwangu na mfano wake uko hapahapa nyumbani Uganda. Wakombozi kutoka Tanzania waliingia Kampala kumtoa Idi Amin tarehe 11 Aprili 1979 na mpango ulikuwepo, UNLF, muungano wa Waganda waliompinga Amin, ilishaundwa Moshi mwezi uliotangulia. Ila ndani ya UNLF kulikuwa na Kikosi Maalum cha watu wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kulikuwa na kundi la FRONASA la Museveni, na kila upande uliingiza vijana wake njiani vita ikiendelea. Rais wa kwanza wa UNLF, Lule, akakaa siku 68 tu, Binaisa aliyemfuata hata mwaka hakumaliza, Tume ya Kijeshi ya Muwanga ikashika, uchaguzi wa Desemba 1980 ukaleta zogo, na Februari 1981 Museveni kashavamia kambi ya jeshi ya Kabamba. Amin alishakimbia zamani, wanaopigana sasa ni walewale waliomtoa.

Usisahau walioshindwa nao. Baghdad, mji mkuu wa Iraq, ilianguka mikononi mwa Wamarekani Aprili 2003, mwezi uliofuata Paul Bremer, Mmarekani aliyewekwa kuiongoza Iraq, akavunja jeshi zima la Saddam, mamia ya maelfu ya wanaume wanaojua silaha wakaachwa hivihivi, na baadhi wakaenda kuupa uasi nguvu. 2007 Marekani ikaongeza askari, mauaji yakapungua kweli, siwanyimi hilo, ila wanasiasa hawakupatana, Desemba 2011 askari wakaondoka na Juni 2014 mji wa Mosul ukachukuliwa na wapiganaji wa ISIS.

Mwisho chukulia kwamba jeshi la kigeni limeshaondoka, jiulize mishahara ya jeshi jipya italipwa na nani. Kabul ya Agosti 2021 unaijua, Wamarekani wakiondoka, jeshi la Afghanistan walilokuwa wakililipia likasambaratika na Taliban wakaingia.

Na hapo steji lazima atokee mmoja akwambie mbona Ujerumani na Japani zilitulia baada ya 1945. Mwambie kule ofisi za serikali na watumishi wake wengi walikuwepo tayari, pesa ya kujenga upya ilimwagwa, na askari wa Marekani wapo kule mpaka leo, kwa hiyo aseme kwanza nani yuko tayari kulipia miaka yote hiyo.