Kagua historia ya ukurasa kabla ya kusambaza habari yake
Ukurasa wa Facebook unapokuletea habari ya siasa inayokupandisha mori, usianze na habari yenyewe. Fungua ukurasa huo, ingia sehemu ya "Kuhusu", kisha uguse maelezo ya uwazi wa ukurasa, ambako kwa kawaida utaona tarehe ulipofunguliwa, majina uliyowahi kutumia na nchi waliko wanaouendesha. Ukurasa unaojiita sauti ya wazalendo, lakini ulioanza kama wa mapishi na ambao wasimamizi wake wako nchi ya mbali, umekwisha kujieleza. Njia hii inafaa kwa sababu kubadili jina ni rahisi, ilhali jina la zamani hubaki kwenye kumbukumbu. Na wasimamizi wa mbali si jambo la kubuni: mwaka 2016 vijana wa Veles, mji mdogo wa Macedonia (sasa Macedonia Kaskazini), waliendesha tovuti zaidi ya 100 za kumpigia debe Donald Trump, wengi wao wakifuata fedha za matangazo tu. Hata hivyo, njia hii haisaidii ikiwa waongo wenyewe ni wenyeji, au wanaficha waliko kwa VPN, yaani huduma inayomwonyesha mtumiaji kama yuko mahali pengine. Na ujumbe uliozungushwa WhatsApp hauna historia ya kufungua, hivyo huko itakubidi ukague dai lenyewe.